Kuacha benki uende kufanya kazi chuo kikuu

Dada, umeuliza kama uache benki ya Upper Hill, Nairobi, uchukue kazi ya utawala katika chuo kikuu cha umma. Mimi niko chuoni mwaka wa tisa, upande huo huo.

Raha ipo. Saa kumi na moja naondoka, Jumamosi ni yangu, na digrii ya pili nimeisoma kwa karo nafuu (benki wangekupa muda huo?).

Shida ni pesa. Mgomo wa vyuo vikuu vya umma Kenya wa 2025 ulianza Septemba ukaisha Novemba, na watu walikuwa wakidai hela za mkataba wa mishahara wa 2017–2021! Kwangu mimi, makato ya sacco yalitoka kwenye mshahara ila sacco hayakufika. Nilipoomba mkopo nikaambiwa akiba yangu haijaingia miezi mitano. Aibu niliyoona siku hiyo, wacha tu.

Kwa hivyo usimuulize afisa wa ajira. Tafuta makarani na madereva wa chuo hicho, uwaulize mshahara huingia tarehe ngapi na makato yanafika wapi. Kama barua ni ya kandarasi ya mwaka mmoja, mimi ningebaki benki. Ikiwa ni ya kudumu, weka kwanza kodi ya nyumba ya miezi mitatu, ndipo ujiuzulu.