Mrija wa tumboni bila usingizi mzito: je, mzee atasikia kisu?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 66, mvuvi wa hapa Ukerewe. Figo zimefeli na moyo wake umechoka. Mwanza wametuambia atawekewa mrija wa kusafishia damu kupitia tumbo, kwa ganzi na dawa ya kutuliza tu. Hatasikia kisu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kisu chenyewe ni kidogo, mchano wa sentimeta chache karibu na kitovu. Kabla ya hapo anachomwa ganzi ya lignokeini, kisha kwenye mshipa anapewa midazolamu na fentanili kidogo kidogo, asinzie huku akipumua mwenyewe. Kwa moyo uliochoka nami ningechagua njia hii, kwa sababu usingizi mzito hushusha presha. Atahisi kusukumwa, pengine na kama haja inambana mrija unapotulia chini nyongani. Akiumia, aseme, ganzi iongezwe.

Tena kuwa na fahamu kunasaidia. Sindano ya kufungulia mrija njia inapokaribia kupenya utando wa tumbo, mgonjwa huambiwa akaze tumbo, kama anavyolikaza akivuta nyavu. Ukuta ukiwa mgumu, sindano haiusukumi ndani kuelekea kwenye utumbo. Baada ya hapo hupita waya laini, na mrija hufuata njia ya waya huo. Ultrasaundi huonyesha mshipa wa damu ulio kwenye misuli ili ukwepwe.

Mimi ningeuliza jambo jingine: amewahi kupasuliwa tumbo, au ana ngiri? Semeni mapema, hata kama ni miaka 30 iliyopita. Matumbo yakiwa yamegandana na kovu, sindano inaweza kuyatoboa. Hapo ni afadhali mrija uwekwe kwa kamera au upasuaji wa wazi. Siku ya kuwekewa mrija akojoe mpaka kibofu kiwe kitupu. Choo kigumu kitibiwe kabla, na baadaye pia, maana utumbo uliojaa husogeza mrija, na maji ya kusafishia damu yanayoingizwa tumboni kwa mrija huo hayatoki.

Kwa kawaida husubiriwa wiki mbili kidonda kishike ndipo maji yaanze kuingizwa. Ikibidi kuanza mapema, huwekwa kidogo kidogo akiwa amelala. Kuoga ziwani aache kabisa.

Baadaye, siku maji yakitoka na ukungu kama yaliyooshea mchele, hata bila homa, nendeni hospitali ya Nansio siku hiyohiyo pamoja na mfuko wenyewe wa maji hayo. Msingoje meli ya kesho ya kwenda Mwanza.