Matembezi ya kundi milima ya Uluguru: jibu kwa aliyeuliza kama ataweza

Mkuu, umeuliza mambo matatu: matembezi ya vikundi hapa Morogoro yanaendaje, mtu wa ofisini asiye na mazoezi anaweza kujiunga, na je, mkazi wa Dar anaweza kuja na kurudi siku hiyo hiyo. Mimi ni mwanakikundi wa siku nyingi, nitajibu kwa yale ninayoyaona njiani. Vikundi vingine vina taratibu zao, watakuja kusema wenyewe.

Nianze na la pili, maana ndilo linaloamua mengine. Unaweza, ila inategemea umeangukia kundi gani. Huku kuna watu wa kilele na kuna watu wa njia. Mtu wa kilele ikifika Jumamosi anataka Lupanga au Bondwa, basi. Sasa piga hesabu: mji uko kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilele hivyo vinapita mita 2,100. Yaani unapanda zaidi ya kilomita moja na nusu kwenda juu, halafu jioni unaishusha yote kwa magoti yako. Njia ya Lupanga ndani ya msitu ni mizizi na udongo mwekundu, kuna mahali unapanda kwa kushika miti. Kijana wa jogging anaimudu. Mhasibu aliyekaa kwenye kiti tangu Januari atafika nusu, atakaa chini, na hutamwona tena.

Hilo la kutomwona tena ndilo linaloua vikundi. Vijana wanatangulia, wanafika, wanapiga picha, wanashuka na kupishana na mama wa watu yuko peke yake katikati ya mlima anahema. Wanamwambia "jitahidi, umekaribia", wakati hajakaribia popote. Huyo mama haji tena, mdogo wake haji, wala yule jirani aliyekuwa ameshamshawishi. Baada ya miezi michache kundi limebaki la wanaume sita wanaoshindana kwa saa za mkononi.

Sisi siku hizi tunakwenda kwa mwendo wa mtu wa mwisho. Anayetangulia kazi yake ni kujua njia tu. Mwenye mamlaka ni anayefunga msafara, na huyu huwa ni mtu mzima mwenye subira, tena mwenye simu iliyojaa chaji. Akisema tunapumzika, tunapumzika. Akisema leo tunageuka, tunageuka, hata kama kilima kinachofuata ndicho kila mtu alichokuwa anakiota wiki nzima. Saa saba mchana popote tulipo tunaanza kurudi, kwa sababu huku giza linaingia kwenye saa kumi na mbili na nusu, na chini ya miti linaingia mapema zaidi. Kuna watu wamejitoa kwenye kundi kwa sababu ya sheria hiyo. Nawatakia heri, milima ipo ya kutosha wote.

Kuhusu tunakokwenda. Matembezi mepesi ni ya vilimani upande wa Bigwa na Kigurunyembe, au kuzunguka upande wa bwawa la Mindu, unaondoka alfajiri na saa nne umerudi unakunywa supu mjini. Hayo hayana hadithi. Ya wastani ni kupanda Morningside, lile jengo la enzi za Wajerumani. Kuna njia pana, bodaboda zinapanda, kwa hiyo aliyechoka ana namna ya kurudi bila kubebwa mgongoni. Unapita mashamba ya migomba, mboga, na msimu wake ukifika hata stroberi. Juu zaidi mashamba yanaisha na msitu unaanza.

Hapo msituni kuna jambo watu wa mitandaoni huwa hawalisemi. Sehemu ya juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kuingia kunahitaji kibali na malipo, na mkazi halipi sawa na mgeni wa nje. Ukate kibali mjini kabla ya siku ya safari, usisubiri kukutana na askari wa misitu ndipo uanze kujieleza. Watu wa Dar wakilalamika "mlima tu unalipiwa?", huwa nawaonyesha kijito wanachokiruka kwa hatua moja. Mto Ruvu unaanzia kwenye milima hii, na maji ya Ruvu ndiyo yanayosafishwa Ruvu Juu na Ruvu Chini kisha yanapelekwa Dar. Kile kijito ni bomba lako la jikoni likiwa bado changa. Wengi hunyamaza na kulipa.

Lakini ukiniuliza mimi, matembezi matamu kuliko yote ni ya Mgeta, na kule kilele hakihusiki kabisa. Unatoka na barabara ya Iringa, unakunja Sangasanga, unapita Mlali, halafu gari linaanza kupanda kona kwa kona hadi baridi inaingia dirishani. Tunakodi Noah mbili au Coaster kulingana na idadi. Tukishuka tunatembea kutoka kijiji hadi kijiji kwenye njia za wakulima: kabichi, karoti, njegere, viazi, vyote vimepandwa kwenye ngazi zilizochongwa ubavuni mwa mlima. Utakuta mbuzi wa maziwa, uzao wa wale wenye asili ya Norwe walioletwa miaka ya 1980 kupitia chuo cha kilimo cha SUA. Ukitaka maporomoko kuna Hululu, upande wa Bunduki. Siku ya gulio la Nyandira ndiyo nzuri zaidi, maana njia nzima ina watu na unatembea nao badala ya kuwapita.

Hizo ngazi za mashambani zina historia ambayo mzee yeyote wa Uluguru anaijua. Serikali ya kikoloni ilikuja na mpango wa kulazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Upande wa mashariki, Matombo, watu walikataa. Mwaka 1955 kukawa na ghasia na mtu akauawa. Mgeta zilishika kwa sababu kilimo cha mboga kinazilipa, mkulima anaona faida yake. Matombo udongo na mazao ni mengine, na kazi ile ya bure ilikuwa ya wanawake na wazee. Tukipita juu ya ngazi hizo mara nyingi mtu mmoja wa kundi anasema "wangewalazimisha tu wote", na hapo mjadala unaanza unaotufikisha hadi kwenye gari. Mimi nasimama na Matombo.

Upande huo wa mashariki nao tunakwenda, Kinole na Tegetero, kwenye viungo: pilipili manga, mdalasini, karafuu. Pepo za bahari zinagonga milima upande ule, kwa hiyo mvua hainyeshi kwa ratiba ya masika na vuli peke yake. Beba kitu cha kujifunika hata kama mjini pale Msamvu jua linawaka. Machi hadi Mei hatuendi huko kabisa, njia zinakuwa sabuni. Juni hadi Agosti ndiyo msimu wetu.

Sasa adabu ya njiani. Hili naliweka kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo wageni wanapoharibu. Njia za Uluguru hazikutengenezwa kwa ajili ya matembezi. Ni barabara za kazi. Alfajiri unapopanda, akina mama wanashuka na mikungu ya ndizi na matenga ya mboga kichwani, ngata imekaa sawa, miguuni yeboyebo, na mwendo wao ni wa mtu anayewahi soko. Mwenye mzigo hapishi. Wewe ndiye unayepisha, na unapisha upande wa mlimani, si upande wa korongo, ili wote wawili mbaki salama. Salamu inatangulia simu: shikamoo kwa mkubwa, habari za kazi kwa rika lako. Kumpiga picha mtu amebeba mzigo bila kumwomba ni ufedhuli. Ungekuwa wewe umebeba kreti la soda Kariakoo na mtu akakuelekezea kamera, ungemwambia nini?

Kabla hatujapeleka kundi kijiji kipya, mmoja wetu anatangulia kuonana na mwenyekiti au mtendaji, anaeleza tuko wangapi na tutapita wapi. Tunamchukua kijana wa pale pale atuongoze na tunamlipa kwa siku kama kibarua mwenye ujuzi, siyo "hela ya soda". Kukatiza shamba la mtu unaomba, na hapo subiri jibu ambalo wageni wengi halijawahi kuwapata: baba unayemkuta analima anaweza kukuambia shamba si lake, nenda ukaulize kwa upande wa mkewe. Waluguru wanahesabu ukoo kwa mama, na ardhi inafuata ukoo. Usicheke. Nenda ukaulize.

Chakula tunanunua huko huko. Asubuhi kila mtu anakuja na maji yake na kitafunwa cha mfukoni, mchana tunakuwa tumeagiza mapema kwa mama mmoja wa kijiji apike wali maharage na mboga. Inakuwa rahisi kuliko kubeba mahotipoti, na kijiji kinakuwa na sababu ya kutukumbuka vizuri. Makopo na mifuko tunarudi nayo mjini.

Vitu vya kuogopa si vile unavyodhani. Watu wanauliza chui na nyoka. Nyoka wapo, ila msafara wa watu ishirini wenye kelele wanausikia kutoka mbali. Unachotakiwa kujihadhari nacho ni upupu. Kiangazi kikikolea yale maganda yake yenye manyoya yanakauka pembezoni mwa njia, ukipitisha mkono tu umekwisha, na ukijikuna unausambaza mwili mzima. Vaa suruali ndefu na mikono mirefu. Siafu nao: ukiona mstari mweusi unakatiza njia, ruka, usisimame juu yake kusubiri wenzako. Msituni chomeka suruali ndani ya soksi. Utaonekana kituko, sawa, lakini ndivyo tunavyovaa wote. Viatu: raba yoyote yenye meno, ambayo umeshaizoea. Kiatu kipya cha bei mbaya kitakupa malengelenge kabla ya saa tatu. Na kata kucha za miguu, maana wakati wa kushuka ndizo zinazogonga mbele.

Gharama ni nafuu kuliko mnavyosikia kwa kampuni za utalii. Nauli ya gari tunagawana sawa kwa sawa, kibali kama tunaingia hifadhini, chakula cha kijijini, na mchango mdogo wa kumlipa kijana wa njia. Inatumwa kwa mweka hazina kwenye simu kabla ya Alhamisi, kwa sababu gari linakodiwa kwa idadi ya waliolipa, si ya waliosema "niwekeni". Huyo mtu wa "niwekeni" yupo kila kundi, mtamjua wenyewe. Asiyekuja asubuhi harudishiwi nauli.

La tatu, Dar. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2024, safari ya Dar hadi Morogoro imekuwa chini ya saa mbili, na wengi wanadhani watapanda treni ya asubuhi watukute mlimani. Hapana. Stesheni iko nje ya mji, Kihonda, na sisi saa kumi na mbili kamili asubuhi gari linaondoka. Hatumsubiri mtu, kwa sababu dakika arobaini za asubuhi ni dakika arobaini za giza jioni. Njoo Ijumaa jioni, lala gesti mjini, Jumamosi utembee na uwahi treni ya usiku ukitaka, japo siku ya Mgeta mimi nisingekata tiketi ya kurudi siku ile ile.

Kwa mara ya kwanza usianze na Mgeta. Njoo ile ya Morningside, ubebe maji lita mbili, ukae nyuma na mfunga msafara, na umwambie mapema kama una pumu, presha au goti bovu. Akishakuona unavyotembea siku hiyo, yeye ndiye atakuambia safari gani ifuate.