Kura ndani ya bahasha: majibu kwa mlioniuliza kuhusu utafiti hospitalini

Mama yangu amelazwa. Nesi kaleta fomu ya utafiti yenye kurasa nane, anataka sahihi. Mama akikataa, si watamtelekeza?

Hawaruhusiwi, na fomu yenyewe inapaswa kusema hivyo. Mgonjwa anaweza kukataa, na hata akishakubali anaweza kujitoa kesho yake bila kutoa sababu, huku matibabu yake ya kawaida yakiendelea. Fomu isiyosema hivyo irudishe.

Mimi huwa na wasiwasi zaidi na sahihi inayopatikana upesi mno. Niliwahi kukaa kando ya kitanda cha mzee mmoja akielezwa utafiti. Aliitikia "ndiyo, ndiyo" mpaka mwisho, kisha akaweka dole gumba. Nesi akaigeuza karatasi kifudifudi: "Haya babu, sasa nieleze wewe. Tutakufanyia nini?" Mzee akajibu, "Mtanipima damu, halafu mniruhusu niende nyumbani." Ikabidi waanze upya. Kwangu mimi, ridhaa ilikuwa ile ya mara ya pili.

Kwa hiyo mwambie mama akusimulie kwa maneno yake mwenyewe. Nawe uliza ni kipi kitakachoongezwa juu ya matibabu ya kawaida, nani atagharamia madhara yakitokea, na namba ya simu ya kamati ya maadili, ile inayolinda haki za wanaofanyiwa utafiti, iko ukurasa gani.

Mume wangu anaumwa sana. Eti dawa atakayopewa itaamuliwa kwa kura ya kompyuta. Daktari mzima hajui kuchagua?

Hajui, na afadhali huyo anayekiri. Kura hiyo, yaani kuacha bahati iamue nani apate tiba ipi, hupigwa pale ambapo hakuna mwenye hakika tiba ipi inaizidi nyingine. Ukimwachia daktari achague, bila hata kukusudia atawapa dawa mpya wagonjwa wenye nguvu kidogo na kuwaacha mahututi na ile ya zamani. Dawa itasifiwa kwa nguvu za mgonjwa.

Mwaka 1948 Waingereza walichapisha matokeo ya streptomaisini kwa kifua kikuu. Dawa ilikuwa haba, haikuwatosha wote, wakaweka kura ndani ya bahasha zilizofungwa. Baada ya miezi 6, kati ya wagonjwa 55 waliopata dawa walikuwa wamekufa 4. Kati ya 52 waliopumzishwa kitandani tu, 14.

Hapo dawa ilishinda. Mfano unaonikaa kichwani zaidi ni wa kinyume chake. Katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, watoto zaidi ya 3,100 walioletwa na homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri waliingizwa katika utafiti ulioitwa FEAST. Miongozo ilishauri watoto wa namna hiyo wamiminiwe dripu nyingi, haraka. Jambo lenyewe lina mantiki, tena dripu ikiingia mtoto huchangamka machoni pako. Matokeo yakatoka 2011: ndani ya saa 48, kwa kila watoto 100 waliomiminiwa dripu ya haraka walikufa 10 au 11, na kwa kila 100 wasiomiminiwa walikufa 7. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. (Wenye kuhara hawakuwamo, kwa hiyo mtu asije akamnyima maji mtoto anayeharisha kwa sababu yangu.) Bila kura, kila aliyepona angehesabiwa kaponywa na dripu, na kila aliyekufa kauawa na ugonjwa.

Kipimo cha kwanza kilisema ninaumwa, cha pili kikakanusha. Vipimo vinavyodanganya vinapitaje?

Hakuna kisichodanganya; watafiti hupima kinadanganya mara ngapi. Chukua watu 1,000, kati yao 10 ndio wagonjwa. Kipimo kinanasa 9 kati ya hao 10, na kinawasingizia ugonjwa watu 5 katika kila wazima 100. Wazima ni 990, kwa hiyo wanaosingiziwa ni kama 50. Watu 59 wanapewa majibu ya "unao", na wanaoumwa kweli ni 9! Ndiyo maana hurudiwa kwa kipimo kingine.

Ukisikia kipimo kipya kinasifiwa, uliza kilijaribiwa kwa nani. Kikijaribiwa kwa mahututi upande mmoja na wazima kabisa upande wa pili, hata kipimo kibovu kitang'ara. Kazi ngumu iko kwa yule anayekohoa wiki ya pili na hajulikani ana nini. Na anayesoma majibu ya kipimo kipya asiwe anajua kipimo cha kulinganishia, kile kinachoaminika zaidi, kilisema nini, la sivyo jicho lake litaona linachotarajia.

Nitapewa kidonge kisicho na dawa?

Pengine, lakini fomu lazima ikuambie. Kwa kawaida, ugonjwa mzito ukiwa na tiba inayojulikana, dawa mpya hushindanishwa na tiba hiyo, au wote hupewa tiba hiyo kisha kidonge cha majaribio au cha bandia kikaongezwa juu yake.

Walinitoa damu mwaka jana, mpaka leo kimya.

Huenda damu yako ilihesabiwa pamoja na za mamia ya wengine, na jibu la peke yako halipo. Hata hivyo unaweza kuuliza utafiti ulifikia wapi, na kama damu iliyobaki imehifadhiwa kwa kazi nyingine. Nenda na nakala ya fomu yako. Chupa ile kwa kawaida huandikwa namba tu, na namba hiyo ndiyo watakayokuomba kwanza.