Nesi ni mtekelezaji wa maagizo tu? Jibu kwa mleta mada

Mleta mada, umeuliza kama ni kweli muuguzi kazi yake ni kutekeleza alichoandika daktari, maana binti yako anataka kusomea fani hii na ndugu wanamkatisha tamaa. Mimi nina miaka 17 wodini, mingi kwenye wodi ya upasuaji. Najibu kwa niliyoyaona.

Daktari anapita asubuhi, anaandika, anaondoka. Saa zote zilizobaki mgonjwa yuko na sisi.

Mwaka wangu wa pili kazini nilipokea zamu ya usiku. Kulikuwa na mzee, siku ya 3 tangu apasuliwe tumbo. Kwenye chati, safu ya upumuaji: 20, 20, 20, tangu jana yake. Namba ikijirudia hivyo ujue hakuna aliyehesabu, watu wamenakiliana tu (nami nilishawahi kufanya hivyo, nisijitakase). Nikamshika mkono kana kwamba bado napima mapigo, maana mtu akijua unamhesabia pumzi hubadilisha. Dakika nzima: 32. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Joto kawaida, presha kawaida, na mzee ananiambia, "Niko sawa mwanangu, ila usingizi umegoma."

Nikampigia daktari wa zamu. Ungemwambia "mgonjwa hayuko vizuri" asingeinuka. Nilimtajia kafanyiwa nini, siku ya ngapi, pumzi 32, oksijeni kwenye damu asilimia 89, naomba uje sasa. Alikuja. Ikawa nimonia.

Sasa sikiliza hapa, ndipo watu wanapopotea. Daktari aliandika "nimonia" na dawa zake. Mimi kwenye mpango wa uuguzi niliandika: anashindwa kutoa makohozi kwa sababu mshono unamuuma akikohoa. Hilo ni tatizo la kiuuguzi na halikuwa kwenye maagizo ya mtu. Nikamkalisha wima, nikahakikisha dawa ya maumivu inatangulia, nikampa mto aukumbatie tumboni kila anapokohoa. Alfajiri nikahesabu tena: 24. Hayo niliyoyafanya usiku ule darasani watayaita hatua tano za uuguzi: kukusanya taarifa, kutambua tatizo, kupanga, kutekeleza, kutathmini. Ile ya mwisho ndiyo inayorukwa sana.

Muuguzi Mmarekani Virginia Henderson alisema muuguzi humsaidia mtu kufanya yale ambayo angejifanyia mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia au ujuzi, na amsaidie kwa namna itakayomrudisha haraka kwenye kujitegemea. Aliorodhesha mahitaji 14 ya msingi ya binadamu. La kwanza ni kupumua.

Kuhusu hayo maagizo yenyewe: ndiyo, tunayatekeleza, ila si kwa macho yaliyofumbwa. Kabla ya dawa unahakikisha mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, dozi, njia na wakati. Dozi ikikutia shaka unasimama na kumuuliza aliyeandika, hata kama atafoka. Nimefokewa mara nyingi. Ukichoma dozi yenye makosa, kusema "daktari ndiye aliyeandika" hakukuokoi, kwa sababu leseni ni yako na sahihi kwenye chati ni yako.

Kutetea mgonjwa, kufundisha ndugu namna ya kumhudumia nyumbani, kutunza siri, hayo atayasoma, sitayarefusha.

Binti akianza mafunzo ya vitendo, mnunulie saa yenye mshale wa sekunde.