Mbaluchi Mmoja Kwenye Jedwali: Maswali Yenu Kuhusu Taarifa za Watoto Mtandaoni

Barua zinazonifikia hapa Mbeya siku hizi zimeegemea upande mmoja. Miradi ya elimu inayopigania watoto wa kila rangi na kila asili wapate nafasi sawa darasani imefungua tovuti, na maombi ya ufadhili yanajazwa humo humo. Wazazi wanajaza, halafu usiku wanajiuliza yale waliyoandika yamekwenda wapi. Nimechagua maswali sita. Miradi yenyewe sitaitaja majina.

Shikamoo Mwalimu. Sisi ni familia yenye asili ya Kibaluchi, tuko Rujewa tangu enzi za babu. Mradi unaomfadhili binti yangu umeweka kwenye tovuti jedwali la maendeleo ya wanafunzi kwa shule, darasa na asili. Jina lake halipo. Lakini darasa la sita zima lina Mbaluchi mmoja tu, na jedwali linasema: Wabaluchi, 1, hisabati, ameshuka. Wenzake wanamcheka. Mradi wanasema hawajamtaja, kwa hiyo hawana kosa. Ni kweli? (Mama, Rujewa)

Marahaba mama, na pole sana kwa binti. Si kweli. Wamemtaja, ila hawakutumia herufi za jina lake.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, hailindi jina peke yake. Inalinda taarifa yoyote inayomhusu mtu anayeweza kutambulika. Profesa Latanya Sweeney wa Marekani alionyesha mwaka 2000 kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta vikiwekwa pamoja vingetosha kuwabainisha takriban asilimia 87 ya watu wa nchi ile, bila jina hata moja. Huko ni nchi ya mamilioni ya watu. Darasa moja la Rujewa halihitaji hata tarehe ya kuzaliwa.

Watakwimu wanaijua dawa yake. Kundi likiwa dogo, namba yake haichapwi. Wengi huweka kizingiti cha watu watano, wengine kumi. Chini ya hapo madarasa yanaunganishwa, au shule kadhaa, au wilaya nzima ya Mbarali inahesabiwa kwa pamoja. Na kuziba kisanduku kimoja tu hakutoshi. Jumla ya darasa ikiwa 42 na makundi mengine yanafika 41, mtoto wa darasa la tatu atatoa hesabu hiyo na kumpata binti yako.

Andika barua, hata ya ukurasa mmoja, uwatake waondoe jedwali hilo na faili lake la kupakua, kwa sababu mara nyingi ukurasa unafutwa huku faili likibaki kwenye seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti. Baki na nakala yenye tarehe. Wakikaa kimya, peleka malalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo Rais Samia aliizindua Aprili 2024. Hiyo ndiyo kazi yake. Tena mama, usimwondoe mtoto kwenye ufadhili kwa hasira. Kosa ni la jedwali.

Kamwene Mwalimu. Fomu ya ufadhili imemuuliza mwanangu kabila na rangi. Mimi nililelewa kuambiwa sisi ni Watanzania, basi. Kwa nini tuulizwe? (Baba, Kihesa, Iringa)

Kamwene ndugu yangu. Swali lako nimekaa nalo siku kadhaa, maana nami nililelewa hivyo hivyo. Sensa yetu haijauliza kabila tangu ile ya 1967, na sababu yake naiheshimu. Kule Rwanda wakoloni wa Kibelgiji waliandika kabila kwenye vitambulisho miaka ya 1930, na mwaka 1994 karatasi hizo zilisomwa vizuizini na watu wakauawa kwa kilichoandikwa. Mwenye kukusanya orodha ya asili za watu anapaswa kulikumbuka hilo kila anapofungua kompyuta.

Lakini tazama na upande wa pili, hapo hapo Iringa. Kabla ya Uhuru shule za Tanganyika ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika. Majengo ya Mkwawa, ambayo leo ni chuo kishiriki cha elimu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yalianza kama shule ya St Michael's and St George's kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Mgawanyo huo ulifutwa kisheria kuanzia Januari 1962. Kilichowapa watu nguvu ya kuupinga ni kwamba ulionekana na ulihesabika: wangapi wanakaa wapi, na kila upande unapewa nini. Anayetaka kujua leo kama watoto wa wafugaji kule Usangu au watoto wenye ualbino wanaachwa nyuma, itambidi naye ahesabu.

Kwa hiyo mimi sikatai swali kuulizwa. Ninachokataa ni jibu kukaa mstari mmoja na jina la mtoto. Hesabu ya asili ikae kwenye orodha yake, jina na simu ya mzazi kwenye orodha nyingine, na anayesoma moja asiwe na ufunguo wa nyingine. Kwa sheria yetu, taarifa zinazoonyesha rangi au asili ya mtu ni taarifa nyeti, na haziguswi bila ridhaa ya maandishi. Za watoto nazo ni nyeti. Fomu nzuri itakuambia inauliza kwa nini, na itakuwa na sehemu ya "sipendi kujibu". Ukiichagua hiyo kisha fomu ikagoma kuendelea, piga simu uwaulize ridhaa gani hiyo ya kulazimishwa.

Mwalimu, tovuti yao inaniambia nikubali vidakuzi vyote. Nikibonyeza nakubali nini? (Mwanachuo, Mbeya)

Kidakuzi ni kijifaili ambacho tovuti inakiacha kwenye simu yako ili ikukumbuke ukirudi. Lou Montulli alikibuni mwaka 1994 akiwa Netscape. Kipo kinachokusaidia usianze fomu upya bando likikatika. Shida ni vile vinavyowekwa na kampuni za matangazo, vinavyokufuata hadi tovuti nyingine: leo umesoma ukurasa wa ufadhili kwa watoto wa asili fulani, kesho wamekupanga kwenye kundi hilo. Mradi wa usawa hauna sababu ya kuwaruhusu watu wa matangazo mlangoni kwake. Bonyeza "kataa" au "vya lazima pekee". Ukinyimwa nafasi hiyo, waandikie.

Shikamoo. Sina kompyuta, fomu ya mwanangu nilijaziwa steshenari Mwanjelwa. Je, kuna hatari? (Mama lishe, Mbeya)

Marahaba dada. Ipo, tena kubwa kuliko hiyo ya vidakuzi.

Mwezi uliopita nilikaa kwenye kompyuta ya steshenari moja kuchapa barua. Nikafungua folda ya vilivyopakuliwa kutafuta faili langu. Nikakuta vyeti vya kuzaliwa vimepangana kimoja baada ya kingine, picha za pasipoti za watoto wakiwa na sare, na fomu moja ya ufadhili iliyojazwa yote: jina, shule, kabila, kipato cha mama, ugonjwa wa baba. Niliifunga haraka, lakini nilikuwa nimeshaisoma. Kijana wa pale wala hakuwa na nia mbaya. Foleni ilikuwa ndefu, na hakuna aliyewahi kumwambia afute.

Rudi pale, umwombe kwa upole afute mafaili yako mbele ya macho yako, halafu afute na kwenye pipa la taka la kompyuta. Mwambie aangalie na WhatsApp ya kompyuta, maana ndiko wengi tunakotuma vyeti. Kama alikufungulia barua pepe, badilisha nenosiri leo, ukitumia simu yako mwenyewe. Siku nyingine mwambie atumie dirisha fiche la kivinjari (incognito), lisilotunza kumbukumbu za ulichofungua, na usikubali kompyuta ihifadhi nenosiri. Kwa miradi yenyewe: pokeeni na fomu za karatasi. Ukimlazimisha mama apite steshenari, umeianika siri yake kabla haijafika kwako.

Habari Mwalimu. Najitolea kwenye mradi hapa Tukuyu. Wafadhili wetu wa Marekani wanataka picha na majina ya wanafunzi kwa ajili ya tovuti. Wanasema kwao mtoto akifikisha miaka 13 hujibu mwenyewe. (Kijana, Tukuyu)

Nzuri kijana, na asante kwa kuuliza kabla ya kutuma. Umri huo wa 13 unatoka kwenye sheria yao ya 1998 inayolinda taarifa za watoto mtandaoni. Kwetu, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Binti wa miaka 15 wa kidato cha pili Rungwe anasainiwa na mzazi au mlezi, na mzazi aelezwe kwa Kiswahili kwamba picha itaonekana dunia nzima. Hata kuzipeleka taarifa hizo nje ya nchi kuna masharti yake kisheria.

Picha yenyewe ikague. Nembo ya shule kwenye sweta inasema mtoto anasoma wapi. Na picha ya simu mara nyingi hubeba ndani yake tarehe na mahali ilipopigwa, hadi karibu na mlango wa nyumba. Zima huduma ya mahali kwenye kamera kabla ya kupiga. Wapelekee picha za mikono ikiandika, za migongo wakitazama ubao, za darasa tupu lenye madawati mapya. Mfadhili mwenye nia njema ataona kazi imefanyika.

Mwanangu alikosa ufadhili mwaka juzi. Fomu yake bado wanayo? (Baba, Makambako)

Yawezekana kabisa. Sababu ya kuikusanya ilikuwa kuchagua wanufaika, na uchaguzi umekwisha, kwa hiyo sababu ya kuitunza nayo imekwisha. Una haki ya kuuliza wanacho nini cha mwanao na kudai kifutwe. Watumie barua pepe ya mistari mitatu: jina la mtoto, mwaka alioomba, na ombi la kufutiwa na kupewa uthibitisho wa maandishi. Usiwaambatanishie cheti cha kuzaliwa.