Triflati ya iterbi imeshikana mabonge: bado inafaa?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni fundi sanifu maabara kwenye chuo kimoja hapa Mwanza. Tuna chupa ya triflati ya iterbi iliyoachwa na mtafiti. Kifuniko hakikukazwa, na masika hii unga umeshikana mabonge. Je, imeharibika? Nikiiyeyusha na kuimwaga kwenye sinki kuna ubaya? Na nikitaka nyingine naipataje?

JIBU: Njema, ndugu yangu. Usiitupe, bado nzima. Ingekuwa kloridi ya alumini, ungefungua chupa ukapokelewa na moshi wa asidi, na habari yake ingekuwa imeishia hapo. Iterbi ni moja ya madini adimu, na triflati (chumvi) za madini hayo ni asidi za Lewis, yaani vichocheo vinavyopokea jozi za elektroni, zinazovumilia maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Shū Kobayashi wa Japani alionyesha kuwa zinafanya kazi ya kichocheo hata ndani ya maji, na kwamba baada ya kazi unaweza kuzirudisha kutoka kwenye maji hayo na kuzitumia tena.

Tatizo lako liko kwenye mizani. Chumvi kavu, Yb(OTf)3, ina uzito wa gramu 620 kwa moli. Ikinyonya molekuli 9 za maji inafika 782. Yaani katika gramu 1 ya mabonge hayo, triflati yenyewe ni kama gramu 0.79 tu. Mwanafunzi anaamini ametia asilimia 10 ya moli, kumbe ametia kama 8, halafu anailaumu kemikali.

Kuikausha, saga mabonge kwenye kinu cha kauri, uweke kwenye chupa ya duara, uache chini ya pampu ya ombwe kwa nyuzi 180 hadi 200 usiku kucha. Oveni peke yake haitoshi. Ipoe ndani ya desiketa (chombo kinachofungwa kisiingize unyevu), maana kwa unyevu wa ziwa huu, ukiiacha mezani itaanza kunywa maji tena. Kama mmenyuko wenu unafanyika kwenye maji au ethanoli ya kawaida, mimi nisingehangaika na yote hayo: kausha sampuli ndogo, pima uzito kabla na baada, kisha rekebisha hesabu.

Wengine huogopa mionzi wakisikia madini adimu. Iterbi ya asili haina mionzi. Cha kujihadhari nacho ni vumbi, linalowasha macho, ngozi na njia ya hewa, kwa hiyo wakati wa kusaga vaa miwani na glovu, ufanyie kazi kwenye kabati la kufyonza hewa. Usiichome: ikiungua hutoa gesi kali zenye florini na salfa.

Kwenye sinki, hapana. Iterbi yenyewe si hoja kubwa, hoja ni ile sehemu ya triflati. Ina kundi la CF3 (kaboni na florini tatu) ambalo bakteria hawaliwezi kirahisi, na inasafiri na maji bila kunaswa na mchanga wa chujio wala kuuawa na klorini. Maji ya jiji hili yanavutwa ziwani, Capri Point na Butimba; unachomwaga huko kinaweza kurudi bombani. Kusanya mabaki kwenye dumu lenye lebo, au chemsha maji yaishe ubaki na chumvi yako.

Kuhusu kuagiza, tumia wakala aliyesajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye ofisi Kanda ya Ziwa. Mwulize mapema kama anauza kavu au yenye maji ya fuwele, na adai karatasi ya usalama kwa msambazaji. Mradi wa madini adimu wa Ngualla kule Songwe hautakusaidia: thamani yake ni neodimi na praseodimi za kutengenezea sumaku. Na usishawishike na triflati ya skandi, metali nyingine ya kundi hilo, kwa sababu tu ina nguvu zaidi. Bei yake ni kubwa, na tangu Aprili 2025 skandi imo kwenye orodha ya madini ambayo China inataka kibali kabla hayajatoka nchini mwake.