Tyuna ya zamani, taa ya STEREO inapepesa: soma mishale kabla hujamwita fundi

Mkuu, usimpe fundi kwanza hiyo tyuna, yaani kile kifaa cha kunasa redio kinachounganishwa na amplifaya. Umesema ni ya Kijapani ya diali, ina vipimo viwili vya mshale (mita za SIGNAL na TUNING), umeinunua kwa muuza mtumba, umeichomekea kipande cha waya nyuma, taa ya STEREO inawaka na kuzima, kuna "shhh" nyuma ya muziki, na fundi ameshakwambia IC (chipu ya ndani) imekufa. Kwa dalili hizo sioni IC iliyokufa. IC ya stirio ikifa kweli, mara nyingi taa haiwaki kabisa, au spika zote mbili zinatoa sauti ileile moja. Yako inawaka, inazima, inawaka tena. Hiyo ni tyuna yenye njaa ya mawimbi.

Kipimo chake ni cha bure. Bonyeza swichi ya MONO. Kama "shhh" inapotea na muziki unabaki safi, mara nyingi tatizo liko kwenye antena, haliko ndani ya boksi.

Sababu yake inafaa uijue, maana ukiielewa hutadanganywa tena na mtu. FM ya stirio tunayoitumia ilipitishwa Marekani mwaka 1961, na sharti lilikuwa kwamba mwenye redio ya mono asikose kitu. Kwa hiyo mtambo hautumi kushoto na kulia kama njia mbili. Unatuma kwanza jumla, yaani kushoto na kulia pamoja, hadi kufika 15 kHz. Redio ya mono inaishia hapo na imeridhika. Juu yake, kwenye 19 kHz, kuna mlio mdogo wa kuongoza. Juu zaidi, kati ya 23 na 53 kHz, ndiko iliko tofauti ya kushoto na kulia. Tyuna inaukamata ule mlio wa 19, inaupata mara mbili yake, 38 kHz, na kwa hiyo 38 inaifungua ile tofauti. Jumla ukijumlisha tofauti unapata kushoto, jumla ukitoa tofauti unapata kulia. Hesabu ya darasa la tano, ila inafanyika bila kupumzika.

Sasa kelele za FM hazitandazwi sawasawa. Kadiri unavyopanda masafa ndivyo zinavyoongezeka, na ile tofauti imewekwa huko juu kwenye kelele. Ndiyo maana stirio inadai mawimbi mengi kuliko mono. Ukiwa na mawimbi dhaifu, kelele za stirio zinaweza kuzidi za mono kwa takriban desibeli 20. Kituo hichohicho, kwa waya uleule, kwenye mono kinasikika vizuri na kwenye stirio kinachemka kama mafuta ya kukaangia.

Na hiyo taa msiiabudu. Inachoshuhudia ni kwamba mlio wa 19 kHz umefika, basi. Haisemi muziki ni safi, wala haisemi kipindi ni cha stirio. Mtangazaji yuko peke yake kwenye maikrofoni moja, anapokea simu za wasikilizaji, na taa inawaka vilevile kwa sababu mtambo wa kituo hauuzimi huo mlio.

Turudi kwenye antena. Wimbi la 100 MHz lina urefu wa mita 3, nusu yake ni mita moja na nusu. Kwa hiyo dipoli ya kawaida ya FM ni waya wenye umbo la T, upande wa juu ukiwa na karibu mita moja na nusu, mguu ukishuka hadi kwenye tyuna. Nyuma ya tyuna za zamani utakuta skrubu mbili zilizoandikwa omu 300 na pengine nyingine za 75. Waya bapa wa nyaya mbili unakwenda kwenye 300. Kebo ya mviringo kama ya dishi inakwenda kwenye 75. Ukitaka kuingiza kebo ya 75 kwenye 300, weka kile kigeuzi kidogo kinachouzwa na vifaa vya TV. Tundika dipoli ukutani, juu, mbali na bati na mbali na taa za LED za bei poa, zile zinatapika kelele kupita kiasi. Kisha igeuze: inasikia zaidi mbele na nyuma ya upande wake mpana, kwenye ncha zake inakaribia kuwa kiziwi.

Hapa ndipo mishale inapoanza kazi. Mita ya SIGNAL inakwambia mawimbi yana nguvu kiasi gani. Geuza antena huku unaiangalia. Mita ya TUNING, yenye sifuri katikati, inakwambia kama umesimama katikati ya kituo au umeegemea upande. Watu wengi wanatyuni kwa kuangalia SIGNAL peke yake, na hilo ni kosa kwa tyuna za namna hii, kwa sababu mawimbi yakiwa makali mshale wa SIGNAL unafika mwisho na kuganda, unabaki palepale hata ukisogeza diali kidogo. Katikati ya kituo unaambiwa na TUNING. Ukiegemea pembeni, herufi "s" zinaanza kukwaruza na besi nzito zinapasuka. Ipe pia dakika kadhaa ipate joto kabla hujailaumu kwamba inahama kituo.

Mimi nina Kenwood KT-7500 ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na nipo Tanga, antena iko juu ya paa. Jioni nyingine, joto likiwa limetulia juu ya bahari, mawimbi yanateleza mbali kuliko kawaida na vituo vya Mombasa vinaingia kama viko mtaa wa pili. Shida inakuwa vituo viwili kubanana. Swichi ya WIDE na NARROW imewekwa kwa ajili hiyo. Wide inapitisha kituo kwa upana wake wote, sauti inakuwa tamu zaidi. Narrow inabana ili jirani asiingie, na unalipia kwa ukungu kidogo wa sauti. Kama yako ina swichi hiyo, iache wide mpaka jirani asumbue.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, angalia mgongo wa tyuna ilizaliwa kwa ajili ya soko gani. Hili wauzaji wa mtumba hawakwambii. Iliyotengenezwa kuuzwa Japani kwenyewe inatumia umeme wa volti 100, na diali yake inaanzia 76 na kuishia 90 MHz. Ni ugonjwa uleule wa redio za Vitz na IST, hazifiki vituo vya juu ya 90, na kwenye gari tunautibu kwa expander, kifaa kinachoshusha masafa ya vituo yaingie kwenye diali hiyo. Kwenye tyuna nzuri sikushauri, kifaa hicho kinaongeza uchafu wake na unapoteza kile ulichonunulia tyuna. Ya soko la Marekani inatumia volti 120, diali ni 88 hadi 108, masafa yako karibu yote yamo, unachohitaji ni transfoma ya kushusha umeme. Ila ina jambo moja la chini kwa chini. Vituo vinakuza sauti nyembamba kabla ya kurusha, na tyuna inazishusha kwa kiasi kilekile. Marekani kiasi hicho ni maikrosekunde 75, kwetu ni 50. Tyuna yao hapa inashusha kupita kiasi, mpaka desibeli tatu na nusu hivi kwenye sauti za juu kabisa, na hapo ndipo watu husema "za zamani zina sauti nzito, tamu". Siyo utamu, ni trebo iliyokatwa. Baadhi zina swichi ya 50 na 75 mgongoni. Zisizo nayo, fundi anabadilisha kapasita mbili ndogo.

Na kama siku moja utashawishika na ya namba za kidijitali kutoka Marekani, uliza kwanza inaruka hatua ngapi. Nyingine zinaruka 0.2 kwa 0.2 kwenye desimali za witiri tu: 98.3, 98.5. Capital FM ya Nairobi iko 98.4. Utabaki kuiangalia.

Sasa, kama antena ni nzuri, SIGNAL imepanda, mono ni safi na taa bado inapepesa, hapo nakubali tufungue. Za kuanzia katikati ya miaka ya 1970 nyingi zinatumia IC ya jamii ya MC1310, ambayo ndani yake kuna saa inayopiga 76 kHz na kugawanywa hadi 38 na 19. Kwa uzee saa hiyo inahama, haiushiki tena ule mlio. Karibu na IC kuna potensiometa moja ndogo, kirekebishi cha kuzungusha kwa bisibisi. Tyuni kituo chenye nguvu, izungushe polepole, tia alama pale taa inapowaka na pale inapozima, kisha iache katikati ya alama mbili. Fundi mwenye kipima masafa atafanya vizuri zaidi. Lakini yale makopo ya bati yenye viini vya rangi ndani, yaani koili za kutyuni, mwambie asiyaguse kwa bisibisi ya chuma kama hana vipimo. Viini vinapasuka, na ukishapoteza mpangilio wa hapo, tyuna imeisha.

Nobu zikikwaruza, nyunyizia dawa ya kusafishia swichi. Taa za diali zikiungua, chukua za volti zilezile.

Na kama unajiuliza kwa nini usisikilize redio kwenye simu tu: kwa habari na mpira simu inatosha kabisa, sitabishana nawe. Tyuna utaielewa usiku, kituo kikipiga muziki bila mtu kuongea, ikiwa imeunganishwa na amplifaya na spika mbili zilizokaa mbali.

Funga dipoli kwanza, kisha tuma picha ya mgongo tuone volti na namba ya modeli.